Nyani mlangoni mwa karamu: nimekisoma "American Born Chinese" mara tatu

Nakala ya kwanza niliagiza mtandaoni, kwa mtu aliyeandika kwamba kitabu kiko katika hali nzuri sana. Kilipofika kilikuwa kimenyofolewa kurasa nane katikati. Nilipolalamika alinirudishia dola zangu sita kimya kimya, hata pole hakusema. Ya pili nikaifuata mwenyewe kwenye duka la vitabu vya mitumba, dola tisa, nikasimama pale pale kaunta nikahesabu kurasa moja moja huku muuzaji akinikodolea macho. Kwa hiyo haya ni maoni ya mtu aliyekilipia kitabu mara mbili, akakisoma mara tatu, tena aliyekianza kwa nia mbaya.

Nia yenyewe ilikuwa hivi. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nabeba boksi hapa Oakland, California, mwaka wa kumi na moja huu. Boksi langu ni kutunza wazee majumbani. Mwanangu Juma ana miaka 12. Jioni moja alirudi na kitabu cha katuni walichopewa shuleni, akajifungia nacho chumbani, akatoka wakati wa kula.

"Kinahusu nini?" nikamwuliza.

Akajibu huku anachota wali: "Nyani, Mama. Kuna nyani hataki kuwa nyani."

Mzazi mweusi anayeishi Marekani hahitaji kuelezwa kwa nini upawa ulinidondoka. Neno hilo hapa tunajua hutupiwa nani. Nikasema kesho naenda kuwaka shuleni. Halafu nikajizuia: ngoja kwanza nikisome, nisije nikaonekana mama mropokaji.

Kitabu chenyewe ni American Born Chinese cha Gene Luen Yang, kilichotoka mwaka 2006. Jina maana yake ni Mchina mzaliwa wa Marekani, na Yang mwenyewe ni mmoja wao, mtoto wa wahamiaji. Wakati anakichora alikuwa mwalimu wa kompyuta katika sekondari moja ya Kikatoliki hapa hapa Oakland. Sura za mwanzo alizitoa fotokopi, akazibana kwa stepla, akawauzia watu wachache. Baadaye kikawa kitabu cha kwanza cha katuni kuingia fainali ya National Book Award, tuzo kubwa ya vitabu Marekani, na mwaka 2007 cha kwanza kushinda tuzo ya Printz, ile ya vitabu vya vijana. Watu wa maktaba walishtuka, maana mpaka wakati huo katuni kwao ilikuwa kitu cha kumtuliza mtoto asiyependa kusoma.

Karatasi ni nzito na ina mng'ao, rangi za Lark Pien zimetulia, maandishi yanasomeka bila miwani. Kurasa ni mia mbili na ushei, lakini ukikaa nacho utakimaliza kabla maharage hayajaiva. Kiingereza chake chepesi. Aliyeishia kidato cha nne hatakwama. Usikinunue cha kusomea kwenye simu. Nilijaribu kwenye basi, kila picha ikabidi niivute kwa vidole viwili, mwisho nikapitiliza kituo.

Ndani mna hadithi tatu zinazosukwa pamoja kama ukili. Moja ni ya Jin Wang, mtoto aliyezaliwa San Francisco, wazazi wake wakahamia mtaa ambako darasa zima yeye na msichana mmoja wa Kijapani ndio wenye sura za Asia. Mwalimu anamtambulisha kwa jina lisilo lake, kisha anawaambia watoto kwamba ametoka mbali kote huko China. Jin anamsahihisha: San Francisco. Juma wangu hapo aliguna, kwa kuwa mwalimu wake wa kwanza alimwita "Huma" muhula mzima. Hadithi ya pili ni ya mvulana mweupe anayeitwa Danny, na binamu yake Chin-Kee anayekuja kumtembelea kila mwaka na kumtia aibu shule nzima. Namna mvulana mweupe alivyopata binamu Mchina, hilo msomaji atalikuta mwenyewe.

Ya tatu ndiyo ya nyani wangu.

Kiswahili sanifu kingemwita kima au tumbili, maana ana mkia mrefu na umbo dogo, ila anayetukaniwa watu ni nyani, basi na abaki nyani. Huyu ni mfalme, gwiji wa kung fu, anatawala Mlima wa Maua na Matunda na raia wake wanampenda. Siku moja harufu ya divai inamfikia kutoka mbinguni: miungu wana karamu. Anapanda wingu lake, anafika, anapanga foleni kwa adabu. Mlinzi wa mlangoni anamwambia hawezi kuingia kwa sababu hana viatu. Nyani anajieleza: mimi ni mfalme, mimi ni mungu kama hao waliomo ndani. Mlinzi anamjibu kwamba yote hayo huenda ni kweli, lakini bado ni nyani. Waalikwa wanaangua kicheko. Nyani anawatandika wote, meza kwa meza, halafu anarudi kwake.

Picha iliyonishika ni ile ya usiku huo. Anaingia chumbani mwake, anasikia harufu ya manyoya ya nyani. Chumba ni chake, harufu ni yake, miaka yote alikuwa hajainusa. Hapati usingizi. Asubuhi anatoa amri ya kwanza: kila nyani mlimani avae viatu. Na unawaona, maskini, wanyama waliozoea kushika matawi kwa miguu, wanatembea chini wakijikongoja.

Nyani haoni kundule, tunasema sisi. Huyu wa Yang ana ugonjwa wa pili: tangu karamu ile haoni kitu kingine.

Na viatu vile! Bibi yangu alikuwa akisimulia kwamba zamani za watumwa pwani, mtumwa mwanamume hakuruhusiwa kuvaa viatu wala kofia, na walipopata uhuru wao vitu vya kwanza kununuliwa vilikuwa hivyo hivyo. Sidhani Yang aliwahi kusikia habari za Zanzibar au Pangani, lakini mimi nilisoma ukurasa ule na sauti ya bibi masikioni.

Kuwaka shuleni kukaishia hapo. Sikwenda.

Sasa nirudi kwa Chin-Kee, kwani hapo ndipo watu wanapogombana juu ya kitabu hiki, na hapo ndipo kilipoinasa shingo yangu. Litamke jina lake haraka utasikia tusi la Kiingereza dhidi ya Wachina. Ana meno yaliyochomoza, macho kama mistari miwili, nywele zimesukwa mkia mmoja mgongoni. Mizigo yake imefungwa kama maboksi ya chakula cha kubeba. Darasani anajibu kila swali, kwenye kantini anakula vitu vya paka, maktabani anapanda juu ya meza anaimba wimbo uleule alioimba William Hung mwaka 2004 kwenye American Idol, shindano la kuimba la televisheni, yule mwanafunzi wa chuo cha Berkeley aliyezaliwa Hong Kong ambaye nchi nzima ilimcheka. Na anapozungumza, kila r anaitamka l na kila l anaitamka r.

Nilicheka. Nasema kweli, nilicheka kwa sauti, usiku, peke yangu sebuleni. Juma akapita kwenda kunywa maji. "Unacheka nini, Mama?" Nikataka kumwonyesha picha, ndipo nikaona kilichoandikwa chini yake. Sura zote za Chin-Kee zimechorwa kama vichekesho vya televisheni, na chini ya picha kuna kicheko na makofi ya watazamaji, ha ha ha, mstari mzima. Kicheko changu kilikuwa kimeshachapwa mwaka 2006.

Tena kicheko hicho nakijua kilikotoka. Darasa la tano, Tanga, alihamia msichana kutoka mkoa wa Mara, baba yake alikuwa mtu wa reli. Wenzetu wa huko wengi r na l huwapishana ulimini. Mwalimu akamwuliza mbona huandiki. Akasema, "Nimesahau karamu nyumbani." Kutoka dawati la nyuma mtu akadakia, "Basi lete na pilau!" Darasa likavunjika mbavu, mwalimu naye akageukia ubaoni kuficha meno. Mpaka tunamaliza la saba jina lake lilikuwa Karamu. Mtu wa dawati la nyuma ni mimi.

Nilimsimulia Juma. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Jina lake la kweli alikuwa nani?" Nimejaribu kulikumbuka tangu siku hiyo. Silipati.

Basi kwangu huo ndio ufundi wa Yang. Waandishi wengi wanaoandika juu ya wahamiaji wa Kichina Marekani hukuonyesha mtoto anavyochekwa, nawe unamwonea huruma ukiwa umekaa upande wa wema. Yang anakukalisha upande wa wanaocheka, kisha anakuachia kicheko mkononi.

Na Chin-Kee hakumtunga kutoka hewani. Kusuka mkia, meno, kula wanyama wa ajabu, hayo yote yalikuwa kwenye vibonzo vya magazeti ya Marekani ya karne ya 19. Wachina walikuja California kwa dhahabu tangu mwishoni mwa miaka ya 1840, wakafuatia maelfu waliopasua milima ya Sierra Nevada kupitisha reli. Reli ilipokwisha, na kazi zikawa chache, wakawa adui. Mwaka 1882 ikapitishwa sheria ya kuwafungia mlango vibarua wa Kichina, na haikufutwa mpaka 1943, tena hata baada ya hapo waliruhusiwa Wachina 105 tu kwa mwaka. Riwaya nazo zikafanya kazi yake. Mwingereza Sax Rohmer alimleta Fu Manchu, Mchina mwenye hila anayetaka kuitawala dunia, mwaka 1913, na Wamarekani wakampokea kwa mikono miwili. Mwaka 1925 Earl Derr Biggers akamleta Charlie Chan, mpelelezi mpole wa Honolulu anayesema kwa mafumbo na Kiingereza kilichochechemea. Mmoja wa kuogopwa, mmoja wa kufugwa.

Hapa inabidi nimlete mzee wa Kichina ninayemtunza. Amezaliwa San Francisco, amepita miaka 85, watoto wake wako mbali. Kitabu nilikiacha mezani kwake nikiwa jikoni. Niliporudi alikuwa amefika kwa Chin-Kee. Alikifunga, akakisukuma mbali kwa kidole kimoja, akaomba chai. Siku nzima hakunisemesha.

Kesho yake akaanza mwenyewe. Alisema walipokuwa watoto walikwenda kuangalia sinema za Charlie Chan, na Charlie Chan aliigizwa na wazungu waliojifanya Wachina: Warner Oland, mzaliwa wa Sweden, kisha Sidney Toler. "Kwa nini mlikwenda?" nikamwuliza. Kwa ajili ya watoto wa Chan, akasema. Wale waliigizwa na vijana wa Kichina kweli, wanavaa suti, wanazungumza Kiingereza kama wao. Walilipa kiingilio wamwone mtoto, wakamvumilia baba.

Halafu akanisimulia habari ya baba yake, ambayo kwa miezi minane niliyomtunza hakuwahi kuigusa. Tetemeko na moto wa mwaka 1906 viliteketeza kumbukumbu za vizazi San Francisco. Wachina wengi wakadai wamezaliwa hapa, nani angewakatalia, na raia ana haki ya kuleta wanawe. Wakauza nafasi za wana ambao hawakuwa nao. Watoto wa karatasi, ndivyo walivyoitwa. Baba yake alikuwa mmoja wao. Alizuiliwa Angel Island, kisiwa kile unachokiona ukivuka ghuba, ambako kati ya 1910 na 1940 wahamiaji kutoka China walihojiwa kwa wiki au miezi: nyumba yenu ina ngazi ngapi, kisima kiko upande gani, jirani wa nyumba ya tatu ana watoto wangapi. Kijiji kizima cha mtu mwingine alikuwa amekikariri melini. Alipita, na jina la karatasi akaishi nalo mpaka kaburini. Mzee naye analibeba.

Kuna ukurasa mwanzoni mwa kitabu ambao baada ya mazungumzo yale niliusoma upya. Jin mdogo anasubiri kwenye duka la mitishamba la Chinatown wakati mama yake yuko ndani kwa mganga. Mke wa mganga, ajuza anayepiga hesabu kwa shanga, anamwuliza ukikua unataka kuwa nani. Mtoto anasema anataka kuwa lile roboti la Transformer linalogeuka gari. Ajuza anamwambia kuwa chochote utakacho ni rahisi, mradi uwe tayari kuitoa roho yako. Nilipousoma mara ya kwanza nilidhani ni hekima za kubandika ukutani. Sasa nauona unatisha. Wazazi wa Jin wenyewe walikuja kwa ndege, wanafunzi wa chuo, wimbi lile lililokuja baada ya sheria ya kupangia kila taifa idadi ya wahamiaji kuondolewa mwaka 1965, kisiwa hawakukiona. Kujigeuza, hata hivyo, mtoto wao alianza mapema kuliko mtoto yeyote wa karatasi, na hakuna aliyemhoji.

Ushahidi ni nywele. Jin anampenda msichana wa kizungu, anaona mvulana mwingine ana nywele za mawimbi, basi naye anakwenda kuzitia dawa zijikunje. Nilicheka kicheko kingine, cha uchungu. Mimi na dada zangu tumeunguza vichwa kwa dawa ili nywele zinyooke, na kabla yetu mama zetu walihangaika na kalikiti. Sisi tunanyoosha, Jin anakunja, na wote tunamwiga mtu mmoja.

Rafiki yake wa dhati, Wei-Chen, kaja karibuni kutoka Taiwan na Kiingereza chake kinakwama. Jin ndiye anayemwonea haya kuliko wazungu wote. Huo ukweli wahamiaji huwa hatuusemi mbele za wageni. Nenda kwenye sherehe yoyote ya Waswahili hapa uone aliyefika miaka kumi iliyopita anavyomtazama aliyefika mwezi jana.

Kasoro zipo. Wasichana wamechorwa kama vioo vya wavulana kujitazamia. Suzy Nakamura ana ukurasa mmoja mzuri sana, anaposimulia tusi alilotukanwa, kisha anatoweka. Sura ya mwisho inakimbia, mambo yaliyofungwa kwa ustadi yanafunguliwa kwa haraka mno. Na yupo mungu muumba, Tze-Yo-Tzuh, ambaye katika ngano ya asili hayumo. Katika Safari ya Magharibi, kitabu cha Kichina cha karne ya 16 alikotoka nyani huyu, anayemfukia nyani chini ya mlima miaka 500 ni Buddha. Yang ni Mkatoliki, akamwondoa Buddha, akaweka huyu wake, na anayeijua Zaburi ya 139 ataitambua mara moja katika maneno yake. Safari yenyewe inaishia kwa mtoto mchanga horini.

Wapo watakaosema hiyo ni kuharibu. Ugomvi huo ni wa zamani: mwandishi Maxine Hong Kingston mwaka 1976 alimtwika Mulan, msichana shujaa wa ngano za Kichina, chale za mgongoni ambazo ni za shujaa mwingine, Yue Fei, na mwandishi mwenzake Frank Chin akamshambulia kwa miaka kwamba anawauzia wazungu China ya uongo. Mimi nimekulia mahali ambapo sinema za Hong Kong tuliziona kwenye vibanda vya video vya Ngamiani, Tanga, zikiwa na sauti ya mtafsiri aliyewapa mabwana wa kung fu maneno ya mtaani kwetu, na hatukuona mtu ameibiwa. Bruce Lee tulimwita Mchina halisi. Kumbe alizaliwa San Francisco mwaka 1940, Mchina mzaliwa wa Marekani kama Jin. Lakini Buddha ni mtu wa dini ya watu, siyo mzaha wa kibandani, na hapo Yang kanikwaza kidogo.

Kilichoniridhisha ni mtawa anayekuja kumtoa nyani. Anamwambia mlima huu unakubana kwa sababu umejifanya mkubwa; rudi kwenye umbo lako utapita. Nyani anarudi kuwa nyani, anapita. Wanapoanza safari anageuka kuvichukua viatu vyake, na mtawa anamwambia kwa safari hii viatu havitahitajika.

Kwa mtoto wa miaka 12 kwenda juu kinafaa, ila asome na mtu mzima pembeni, kwa sababu ya Chin-Kee. Mtoto mdogo atajifunza kuiga sauti tu. Tamthilia ya Disney+ ya mwaka 2023 iliyotokana na kitabu hiki msiifananishe nacho; ilikaa msimu mmoja ikafutwa. Ke Huy Quan ameigiza humo mwigizaji aliyewahi kuchekesha watu kwa kujifanya Mchina wa namna ile, na ni kwa uzuri sana, lakini meno yameng'olewa. Kwangu kitabu kina nyota nne na nusu. Nusu nyingine iko kwa Buddha.

Nakala yangu iko kwa mzee. Ilipita wiki, akaniuliza kile kitabu cha nyani kiko wapi. Anakisoma mchana akishamaliza supu, na sura zote za Chin-Kee amezibana kwa klipu za karatasi zisifunguke zenyewe. Nikikiomba anasema hajamaliza. Juma ananiambia ninunue cha tatu, na safari hii nisisahau kuhesabu kurasa.